Singo Imevuka

Nunu alikuwa ameshika dele la kahawa mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, kama alivyofundishwa, akizunguka meza ya wajumbe kutoka nchi jirani za Ghuba. Kahawa ile ina sheria yake: mgeni akitikisa finjani, ametosheka, nenda zako. Asipotikisa, mimina tena, wala usiondoke.

Nyuma ya jukwaa paliandikwa kwa herufi za dhahabu: Majirani Ndugu, Mlango Mmoja. Wajumbe walikuja kujadili namna raia wa nchi hizo, na wageni wanaoishi humo, watakavyopita mipakani bila usumbufu. Herufi zilipendeza. Nunu mwenyewe ndiye aliyezifuta vumbi alfajiri.

"Dada, si ulisema leo unaenda Muscat?" Ashiraf, Mganda anayefanya naye kazi hotelini hapo, alimnong'oneza karibu na sahani za tende.

"Kibali cha kuvuka mpaka kimekataliwa jana."

"Kwa nini sasa?"

"Wakala anasema ni kazi iliyoandikwa kwenye kadi yangu ya ukaazi. Msafishaji."

Ashiraf akasonya. "Lakini Muscat si hapo tu?"

Ni hapo tu, kweli, ng'ambo ya mpaka. Mdogo wake, Salhiya, anafanya kazi saluni huko, na miaka minne hawajaonana. Ijumaa anaolewa na Mwomani, na kesho anasingwa, asuguliwe mwili kwa manukato kama bibi harusi wa kwao. Mama yao kabla hajafariki kule Unguja aliacha agizo moja: Nunu ndiye atakayemsinga mdogo wake. Basi wiki nzima Nunu alianika mawaridi kwenye roshani ya chumba chao cha pamoja mtaani Al Nahda, akayasaga pamoja na langilangi, liwa na karafuu, mpaka Wakenya wanaolala vitanda vya juu wakauliza nani anaolewa. Sasa singo ilikuwa ndani ya kopo, kwenye kabati la wafanyakazi, ikingoja dereva yeyote wa basi la Muscat mwenye huruma.

Msimamizi wao, Madam Ghada, alipopata habari alisema, "Haram, Nunu," yaani maskini wee kwa Kiarabu chao, na kwa kweli alisikitika, kwa muda wa kutosha kumpangia zamu ya kahawa. Ruhusa aliyompa ikafutwa papo hapo. Nunu alikasirika, akaenda kuchemsha kahawa.

Saa sita simu yake ikatetemeka. Alikuwa Bi Zuwena, mama wa bwana harusi, Mwomani aliyezaliwa Unguja.

"Nipo nyuma ya hoteli yenu, penye mapipa ya taka. Mlinzi hataki niingie. Njoo, mwanangu."

Nunu alishuka ngazi mbio, kopo na chupa ya marashi mkononi. Bi Zuwena alikuwa amesimama kando ya gari, anajinyoosha mgongo.

"Shikamoo, mama! Umevukaje?"

"Marahaba. Nimeonesha kitambulisho, kijana kaniambia karibu. Hata hajakitazama vizuri." Akatikisa kichwa. "Salhiya kalia usiku kucha. Nikasema, mimi ninayepita bure nimekaa kitako nafanya nini?"

Nunu akamkabidhi kopo. Bi Zuwena hakulipokea. Alipandisha mkono wa buibui mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mbele.

"Nisinge."

"Hapa, mama?"

"Hapa hapa. Nataka nijue mama yenu alikuwa akisinga vipi. Kesho mkono wangu ufanye kama wako."

Nunu aliilowesha singo kwa marashi ya waridi, akaanza kwenye kifundo na kupanda juu polepole, kwa kiganja, si kwa vidole, akizunguka kiwiko kama mama yake alivyomsinga yeye. Lori la taka likapita, dereva akawashangaa. Nunu alilia, na hakuona haya.

"Mwambie asizungumze akiwa anasingwa. Mama alikuwa hapendi."

"Nitamwambia. Na wewe usiache kuomba kibali. Wakichoka kukataa, utakuja kumlea mtoto wa mdogo wako."

"Inshallah." Nunu akacheka na machozi yake, akamwekea kopo garini.

Alinawa kwa sabuni mara mbili, lakini harufu haikutoka. Kikao cha alasiri, mjumbe mmoja mzee, yule aliyehutubia asubuhi juu ya ule Mlango Mmoja, alipokea finjani akasita.

"Harufu gani hii nzuri?"

"Singo, sir. Mdogo wangu anaolewa Muscat."

"Mabruk! Na wewe uko hapa?"

Mlangoni Madam Ghada alimtolea macho. Jibu la kazini ni tabasamu tu. Nunu hakutabasamu.

"Singo imevuka, sir. Mimi nimekataliwa, kwa sababu kadi yangu inasema msafishaji." Akazitazama zile herufi za dhahabu. "Huo mlango mmoja mnaouzungumza, na sisi tunaowamiminia kahawa tumo?"

Mjumbe wa kando alitikisa finjani yake haraka haraka, ametosheka. Mzee aliinywa yake akaimaliza, akamtazama Nunu, finjani hakuitikisa.

Nunu akammiminia tena, akasimama palepale kungoja jibu.