Mabega ya Simbiri

Afisa wa jeshi la kizungu alikuwa akitetemeka kwa homa pale alipoketi, kwenye benchi la darasa, na jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Hakuwa mtu mkali. Aliomba maji kwa upole, akayanywa yote, ndipo akamweleza Mwalimu Diroga kilichomleta. Kule milimani majeruhi walikuwa wamelala matopeni bila wa kuwabeba, na vijiji vyote vya jirani vilikwisha kutoa wanaume wao. Sasa alitaka vijana watano wa shule, na aliwataka asubuhi ileile.

"Hawa ni watoto wa watu, bwana," Diroga alisema.

"Najua. Ndiyo maana nakuachia uchague wewe. Wewe unawajua."

Kweli aliwajua. Zamani yeye alikuwa mwalimu mdogo tu, wa kufundisha herufi na kuongoza nyimbo. Lakini Padri aliyekuwa mkuu wa shule alikuwa ameitwa pwani kabla ya jeshi la Wajapani kushuka huko na meli zao, hakurudi tena, na walimu wengine wakatawanyika kwenda kutafuta jamaa zao. Wavulana hawakuwa na pa kwenda. Vijiji vyao vilikuwa ng'ambo ya mto Kumusi, upande ule ambako mizinga ilinguruma mchana kutwa. Basi Diroga akawa mkuu wa shule, mpishi na mama yao. Kila asubuhi aligonga kengele, akakagua kucha, akafundisha hesabu kwa vipande vya mkaa maana chaki ilikwisha. Baada ya masomo wote waliingia shambani kuchimba magimbi. Mwanzoni ndege zikipita walitimkia kwenye nyasi ndefu. Siku hizi wadogo waliinua vichwa tu, wakabishana ni za nani.

Akawapanga mstari mbele ya bweni. Wanne hawakumsumbua sana. Walikuwa warefu, wamezoea shoka na kuni. Wa tano ndiye aliyemtatiza. Waliobaki wenye umri wa kubeba machela walikuwa wawili, Handari na Simbiri, nao walisimama bega kwa bega kama walivyolala, vitanda vyao vikigusana.

Handari alisoma chochote alichopewa. Jioni aliwashika wadogo mikono akiwafundisha kuandika majina yao, na Diroga alikwisha kumwona moyoni mwake amevaa nguo nyeupe, anafundisha mahali pake. Simbiri alikuwa ameganda darasa lilelile miaka mitatu. Aliiba miwa ya shule, na alijua kuigiza jinsi Diroga anavyokohoa kidogo kabla ya sala, hata bweni zima likavunjika mbavu na Diroga akalazimika kuanza sala upya.

Macho ya mwalimu yalitua kwa Handari. Yakakaa hapo kidogo, kisha yakahama.

"Simbiri," akasema.

Kijana akatoka mstarini anacheka. Wadogo wakamtania kwamba majeruhi wamekwisha, atawatua njiani akaibe miwa, naye akawageukia akatunisha misuli. Lakini wakati wa kuondoka, wenzake wakiwa wamekwisha kushika njia nyuma ya askari polisi aliyekuja na afisa, alirudi mbio hadi kwa mwalimu wake akamwuliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, umenichagua kwa sababu nina nguvu?"

"Ndiyo," Diroga alisema. "Hapa hakuna mwenye mabega kama yako."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsifu. Simbiri alitazama chini kwa haya, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, kisha akakimbia kuwafuata wenzake.

Mvua zikaja, zikakaa. Wapagazi wagonjwa waliorudishwa nyumbani walipitia shuleni kuomba moto na gimbi la kuchoma, na kwao Diroga alipata habari. Walisema tope lilikuwa la magotini, na usiku mlimani baridi ilikuwa ya kuua, watu wawili kwa blanketi moja. Mmoja alimkumbuka Simbiri. Alisema yule kijana alimbeba askari wa kizungu aliyepofuka macho, na njia nzima alimwigizia sauti za ndege mpaka yule mzungu akacheka huku analia.

Diroga aliwasimulia wavulana, nao wakacheka. Handari hakucheka. Tangu wenzake waondoke alikuwa ameacha kujitolea kusoma kwenye sala ya jioni, na siku moja, wakimenya magimbi wawili peke yao, alisema bila kuinua uso:

"Ningeweza kwenda mimi, Mwalimu."

Diroga alimwambia amenye, maji yamekwisha kuchemka.

Mizinga ilipokaribia kunyamaza, walirudi. Watatu walitembea pamoja na mwanakijiji mmoja waliyemwomba msaada, maana mwenzao wa nne alibaki hospitali ya jeshi. Walibeba machela, na juu yake alilala Simbiri.

Alikuwa amebaki mifupa. Kifua kilikoroma, na pale begani mti wa machela ulipomkalia siku nenda siku rudi, nyama ilikuwa imeoza. Diroga alimlaza nyumbani kwake, kwenye mkeka wake mwenyewe. Alimsafisha madonda kwa maji ya majani yaliyochemshwa, akamlisha uji wa magimbi kwa kijiko, na alipoutapika akapika mwingine. Wadogo walikuja mlangoni wakamwomba amwigize Mwalimu. Alijaribu. Kikohozi cha kuigiza kikageuka cha kweli, kikakataa kukoma, na wale watoto wakaondoka mmoja mmoja.

Alasiri moja wakawa peke yao. Diroga aliketi sakafuni, akakunja kitambaa, akakikunjua.

"Simbiri, siku ile ya afisa," akaanza. "Kuna neno nilikuambia."

"Nilijua, Mwalimu."

"Ulijua nini?"

"Ulimtazama Handari kwanza." Alipumzika ili apate pumzi. "Lakini niliwaambia watu kule. Kwamba mwalimu wangu kasema sina mpinzani kwa mabega. Tukifika kwenye mpando mkali walikuwa wananiita mimi nishike mbele."

Diroga alimshika mkono. Ulikuwa mwepesi na wa moto.

Baadaye Simbiri alitamani muwa. Handari alikwenda kuukata, akaumenya, akaupasua vipande vyembamba, akamkamulia mdomoni tone kwa tone. Simbiri alifariki kabla ya kengele ya chakula, na siku hiyo kengele haikugongwa.

Walimzika nyuma ya darasa, upande unaoelekea mtoni. Diroga alitaka kuchimba peke yake. Aliwakatalia wavulana wote, akachimba huku mvua ikimjazia shimo, mpaka Handari aliposhuka humo ndani na kumwondolea koleo mikononi. Wakapokezana hadi mwisho.

Njia ya pwani ilipofunguliwa, wazazi walianza kuja kuwatafuta watoto. Kila siku ilisikika sauti njiani ikiita jina, na mvulana mmoja akatoka darasani mbio pasipo kuomba ruhusa, na hakuna aliyemkaripia.

Asubuhi moja Diroga alikuwa akifagia mbele ya darasa alipomwona mwanamume amesimama kwenye kijito chini ya kilima. Alimtambua; ndiye baba aliyemleta Simbiri shuleni siku ya kwanza, amemshika mkono. Mtu yule alitua mzigo wa magimbi juu ya jiwe, akafunga kitoto cha nguruwe kwenye mzizi, akaingia majini kunawa matope ya safari. Aliinua macho, akamwona mwalimu, akapunga mkono. Alisema kwa sauti kubwa kwamba amesikia vijana walipewa kazi nzito, ndiyo maana amekuja na nyama.

Kisha akatoa kitana, akainamia maji na kuanza kuchana nywele, taratibu, kama mtu anayetaka kuingia shuleni akiwa nadhifu. Diroga aliegemeza ufagio ukutani, akaanza kuteremka.