Kikao cha Siku ya Mtakatifu Nikola

Uliliona jukwaa la mafundi kwenye tao la daraja, ukageuza uso. Usiniambie hukuliona. Hakuna anayeshuka kutoka kijijini kwetu Strmac kwenda mjini Gradina asipite pale, na mafundi walikuwa wamening'inia kama popo wakipima nafasi ya herufi mpya hata kabla ya wananchi kuulizwa kama wanazitaka. Ulipandisha kioo cha gari. Baadaye, kwenye foleni ya mkate, ulisema, "Jina ni jina tu, waache wakubwa wacheze." Nilikuwa nyuma yako. Watu wakatikisa vichwa kukubaliana nawe. Hakuna aliyeuliza mchezo huo unalipiwa na nani.

Mimi nakumbuka. Daraja la mbao lililokuwapo kabla ya vita lilikuwa la Malkia, ingawa malkia mwenyewe hakuwahi kutia mguu huku. Vita vikalichoma. Vijana wa brigedi za kazi wakajenga hili la mawe, baba yangu akiwa mmoja wao, akilala kwenye hema na kupasua mwamba kwa ujira wa supu ya maharage. Likaitwa Daraja la Brigedi. Likawekwa kwenye stempu na kwenye kalenda za benki, watoto wa nchi nzima wakawa wanalichora shuleni. Nchi ile ilipokufa, wakaja wengine, wakabandua Brigedi, wakaandika Umoja, mwaka ule ule majirani walipoanza kuchinjana. Waliowafuata wakairudisha Brigedi. Kila mara ilipigwa bendi na utepe ukakatwa. Kila mara barabara ya kupanda kwetu ilibaki na mashimo yale yale. Sasa imefika zamu ya Despoti Radivoj, mtawala wa kale ambaye hata kaburi lake halijulikani liko wapi.

Wizara huko mji mkuu ilitoa jina. Manispaa ya Gradina ikaambiwa itoe nusu ya gharama: herufi za shaba, vibao vya barabara kuu, vibao vya ndani ya handaki, ramani, mihuri, na sherehe ya uzinduzi yenye mwanakondoo wa kuchoma. Manispaa yetu haina kiwanda wala mgodi siku hizi. Ilibakiwa na kitu kimoja cha kukata, nacho ni gari la wagonjwa wa figo.

Unalijua gari hilo, lile jeupe lenye kutu mlangoni. Mara tatu kwa juma lilimchukua Stamena, mke wa Obren, likamvusha daraja na kumpeleka hospitali ya mkoa, ng'ambo ya mlima, akasafishwe damu kwa mashine. Stamena alikuwa mshonaji wa kiwanda cha nguo. Nusu ya mashati ya harusi katika bonde hili yametoka mikononi mwake, na huenda hata lako. Daktari hakumzungusha Obren: mama huyu akikosa mashine mara mbili, mara tatu, mwili utajaa maji na sumu, na moyo utasimama.

Sheria inasema wananchi wasikilizwe kwanza. Basi likabandikwa tangazo: kikao cha kusikiliza maoni, ukumbi wa utamaduni, tarehe kumi na tisa Desemba, saa sita mchana. Asiyefika atahesabiwa amekubali.

Isome tena tarehe hiyo. Ni Mtakatifu Nikola. Nusu ya nyumba za bonde hili zina slava siku hiyo, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo. Haalikwi mtu, hafukuzwi mtu. Mlango unakuwa wazi, mshumaa unawaka mezani, na mwenye nyumba haketi. Anawahudumia wageni kwa miguu yake, wala havuki uzio wake mpaka mshumaa uishe wenyewe. Babu zetu walifanya hivyo chini ya Waturuki, wakafanya hivyo chini ya Wajerumani. Ljubivoje, meya wetu, anayajua yote hayo. Mtakatifu wake ni huyo huyo.

Nanyi mkasema hawatathubutu. Mkasema hakuna serikali ya Wakristo itakayofanya kikao siku ya slava, lazima wataahirisha. Mkaloweka maharage, mkanunua samaki.

Asubuhi ile nilitoka nyumba hadi nyumba kuwakusanya. Kosa langu lilikuwa kuingia ndani.

"Kaa kwanza, jirani."

"Sikai. Nimekuja kukuchukua."

"Kunichukua wapi, na mshumaa ndiyo kwanza nimeuwasha? Kula ngano."

Huwezi kukataa ngano ya kuchemsha ya slava. Ni ya wafu wa nyumba ile. Unachota kijiko, unafanya ishara ya msalaba, unapewa rakija, pombe yetu kali ya matunda, halafu samaki. Kwenye nyumba ya nne nilikuwa nimeshiba kama chatu na sijampata hata mtu mmoja wa kufuatana nami. Ndivyo walivyotuteka: kwa ukarimu wetu wenyewe.

Kwa Obren nilikuta meza imejaa. Tihomir, mwalimu mstaafu, aliyewasimamia Obren na Stamena siku ya ndoa yao, alikuwa amekaa upande wa ikoni, picha ya mtakatifu ukutani. Karibu naye alikuwa shangazi Krunija, mjane, ulimi wake ukiwa na makali kuliko kisu cha samaki. Stamena alikuwa pembeni ya jiko, ameshika glasi ndogo ya maji ambayo ilimpasa imtoshe mpaka jioni, maana wagonjwa wa mashine hupimiwa hata kiu.

"Usiniangalie hivyo," Obren aliniambia, chupa mkononi. "Unajua siwezi kutoka."

"Gari la mkeo linafutwa leo saa sita."

"Baba yangu hakutoka siku hii hata walipokuja kumkamata. Walimngoja pale kwenye uzio mpaka mshumaa ukaisha."

"Kisha wakamchukua," alisema Krunija.

"Ndiyo, shangazi. Kisha wakamchukua."

Tihomir alikuwa akichezea ganda la mkate. Stamena akaweka glasi yake chini.

"Mimi si mwenye nyumba," alisema. "Mshumaa haunihusu. Nileteeni koti."

"Utakwenda na nini, mwanamke?"

"Na jirani. Gari lake ni la kubebea chuma chakavu. Na mimi niko hivyo hivyo, tutaelewana."

Watu walicheka, kisha wakajuta kucheka. Obren alimtazama mkewe akihangaika na kifungo cha koti kwa vidole vilivyovimba, vidole vilivyoshona vifungo maisha yake yote. Akaiweka chupa mezani. Akaenda zizini, akarudi na taa ya kioo ya kuwaendea ng'ombe, akautia mshumaa ndani yake, ukiwaka vile vile.

"Slava iko alipo mwenye nyumba na mshumaa wake," alisema. "Anayetaka kula anifuate."

Jambo hilo halikuwahi kufanyika bondeni kwetu. Kasisi angeweza kulikataza, lakini kasisi alikuwa nyumba nyingine, anakula. Wageni walibeba mkate, sufuria ya maharage, sinia la samaki, wakapanda magari. Njiani watu walitoka vibarazani kuona taa ya Obren dirishani mwa gari langu, na baadhi yao wakawasha magari yao wakatufuata. Baadhi tu. Wewe hukuwemo.

Ukumbini walikuwapo madiwani, bwana mmoja wa wizara aliyevaa viatu vya mjini, na viti vitupu. Ljubivoje alikuwa tayari anakunja karatasi zake.

"Karibuni," alisema. "Ila moto hauruhusiwi humu ndani."

"Basi uzime wewe," Obren alimjibu, akamwekea taa mezani. "Ni mtakatifu wako pia."

Ljubivoje hakuugusa.

"Hivi, Ljubivoje mwanangu," aliuliza Krunija akiwa bado anavuta kiti, "kwako leo nani anawapokea wageni?"

"Kaka yangu, shangazi."

"Afadhali. Niliogopa wanajipokea wenyewe, kama sisi huku."

Bwana wa wizara alizungumza kwa upole. Alisema taifa lililosahau watawala wake wa kale ni kama mtoto wa kuokotwa. Alisema daraja letu si letu peke yetu, ni uso wa nchi, na uso haupimwi kwa dinari. Nikamuuliza kama gharama haipimwi kwa dinari, kwa nini bili imeletwa kwa dinari. Akasema ameuelewa uchungu wangu. Hao ndivyo walivyo. Kila kitu wanakielewa.

Kisha akasimama Tihomir. Tulidhani amekuja kutusaidia.

"Mimi nataka jina libadilishwe," alisema. "Msinizomee, nimekula nanyi leo. Babu yangu alipigwa risasi na watu wa brigedi, kwenye machimbo yale yale yaliyotoa mawe ya daraja. Kosa lake lilikuwa kuwa na kinu chake cha kusaga unga. Tangu utoto kila nikivuka nasoma jina lao juu ya kichwa changu. Ninyi mmesoma pale jasho la baba zenu. Mimi nimesoma kitu kingine."

Hakuna aliyezomea. Baba yangu alikuwa brigedi. Niliyajua hayo ya kinu. Sote tuliyajua, tukayakalia. Nakuandikia kwa hasira, lakini sitakudanganya kwamba upande wetu ulikuwa safi.

Stamena ndiye aliyemjibu. Aliongea ameketi, kusimama kulimchosha.

"Msimamizi," alimwita, kama alivyomwita tangu siku ya ndoa, "kwa nini hukusema mapema? Ningekuja kukushikia ngazi. Tungezing'oa herufi zile, mimi na wewe, tukaliacha daraja bila jina. Mto nao ungepita bila kuuliza. Kung'oa ni kazi ya ngazi na nyundo. Lakini hawa hawang'oi kwa ajili ya babu yako. Wanabandika kwa ajili yao. Na pesa za kubandika wanazitoa humu," akajigonga mkono wa kushoto, pale chini ya sweta ambapo mshipa wa mashine umetutumka kama kamba. "Mimi sina ubaya na huyo Despoti. Namwomba tu asinipandie gari langu."

Mtu alicheka nyuma, akakohoa kuficha kicheko. Tihomir alikaa chini taratibu.

Ljubivoje akashukuru kwa michango. Akasema kuhusu wagonjwa, manispaa itatafuta njia mbadala, neno ambalo nimelisikia chini ya serikali zote nne. Mikono ya madiwani ikapanda. Mmoja, kijana anayeuza pembejeo karibu na soko, aliunyanyua wake nusu, akamtazama Stamena, akaumalizia. Ikapita. Karani akaandika kwamba wananchi walifika kwa wingi na walisikilizwa. Tulikuwa tumewakamilishia sheria yao.

Tulikula maharage yaliyopoa kule kwenye ngazi za ukumbi, taa ya Obren katikati yetu. Hakuna aliyeimba.

Tangu Mwaka Mpya gari jeupe limesimama. Stamena anapelekwa kwa zamu. Zamu ya kwanza aliichukua Tihomir bila kuombwa. Anavuka naye daraja kabla hakujapambazuka, na wala hawaliongelei. Lakini ana miaka mingi, na gari lake pia. Juma la tufani walikwama kwenye kona za juu, theluji ikafika dirishani, wakarudishwa na trekta. Siku ya pili barabara ilikuwa bado imefungwa. Walipomfikisha hospitali alikuwa amevimba macho hadi hamtambui Obren. Walimshikilia pale majuma mawili. Amerudi. Anatembea kutoka jikoni hadi kitandani, na anapofika kitandani anapumzika kama aliyepanda mlima.

Jioni aliyorudi, Tihomir alikaa kando ya jiko, kofia mkononi.

"Wakiniuliza tena," alisema, "nitasema lisomeke vyovyote."

"Hawakuulizi tena, msimamizi," alisema Stamena. "Kawaulize wewe."

Hivyo ndivyo tunavyofanya. Herufi za shaba zimeshaletwa. Zimo kwenye masanduku uani kwa manispaa, ila hazijalipiwa, kwa sababu bajeti bado haijapitishwa. Alhamisi hii saa nne asubuhi madiwani wanakaa kuipitisha. Yule kijana wa pembejeo amemwambia Krunija kwamba ukumbi ukijaa atabadili kura, na kwamba si yeye peke yake anayesubiri kisingizio. Tihomir ataongea wa kwanza. Mpe kisingizio huyo kijana. Njoo ujaze kiti, hata kama huna la kusema, hata kama ulipenda Brigedi au unampenda Despoti.

Hiyo ni Alhamisi. Kesho ni Jumatano, siku ya mashine. Giaboksi ya Tihomir imekufa leo mchana, na gari langu halina breki za mlima. Stamena anatakiwa awe kitandani hospitali saa moja asubuhi. Wewe una gari. Ni lile ulilopandisha kioo. Saa kumi na moja alfajiri liwe langoni kwa Obren, na blanketi kwenye kiti cha nyuma. Usingoje nikupigie simu. Baridi ya leo inaua betri, kwa hiyo weka chini karatasi hii, toka nje sasa hivi, uliwashe uone kama linashika.