Wiki Mbili za Kulala Uani

Kwa miaka ishirini na sita mtafiti mmoja wa matetemeko alisoma bonde moja tu. Wenzake walihama kutoka volkano moja kwenda nyingine, yeye akang'ang'ania ufa unaopita chini ya mji aliozaliwa, mahali ambapo gamba la dunia limepasuka na pande zake mbili zinasukumana milimita chache kwa mwaka. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, ndiye aliyemlea na kumsomesha baada ya wazazi wao kufariki.

"Nimeshona sare za nusu ya mji huu," dada alipenda kuwaambia wateja, "ili huyu mtoto akasomee kusikiliza mawe." Alimbandika jina la Mtetemo, na likamganda.

Mwaka ule, mvua zilipoanza, bonde likaanza kutikisika. Si kwa nguvu: vikombe viligongana kabatini, mbwa wakabweka, basi. Lakini ilijirudia mara nane, mara kumi kwa siku, hadi watu wakahamishia magodoro uani. Dada na mumewe, seremala aliyeijenga nyumba yao kwa mikono yake, wakafunga turubai kati ya ukuta na nguzo ya kuanikia nguo, wakalala hapo wiki mbili.

Siku ya kumi na nne, asubuhi, dada akampigia mtafiti simu ofisini.

"Mtetemo, niambie ukweli. Tuingie ndani au tuendelee kulowa kama kuku?"

Mtafiti akatazama kompyuta. Siku ya tatu mashine zake zilinasa mitetemo mia mbili. Jana kumi na mmoja.

"Inapungua, dada. Kwa kawaida ikipungua hivi huisha yenyewe."

"Kwa hiyo tuingie."

Jibu la kitaalamu alilijua. Alikuwa amelisema redioni na mbele ya wanafunzi mpaka midomo ikachoka: hakuna anayeweza kutabiri tetemeko. Lakini dada alikuwa anakohoa, kikohozi kizito kinachotoka kifuani.

"Ingieni tu," akasema. "Utajitafutia nimonia bure."

"Ahsante, mdogo wangu. Nina nguo za watu zimelundikana, wateja wameshaanza kunitolea macho."

Kesho yake, saa tisa na dakika arobaini alasiri, mistari yote ya mashine za bondeni ikalipuka kwenye kioo cha kompyuta. Kisha sakafu ya ofisi ikapigwa teke moja kutoka chini. Mtafiti akaingia chini ya meza, na kwa mazoea akaanza kuhesabu. Wimbi la kwanza la tetemeko huwa na mbio, la pili hujikokota nyuma yake. Muda unaopita kati yao hukuambia umbali. Moja, mbili, tatu. Alipofika kumi, jengo likaanza kuyumba. Sekunde kumi ni kilomita themanini hivi. Nyumbani kwa dada kulikuwa kilomita themanini na mbili.

Alipiga simu mara thelathini akiwa chini ya meza ile. Haikupatikana.

Alifika asubuhi ya pili. Shemeji yake alikuwa karakanani tetemeko lilipopiga, akapona. Dada walimtoa chumba cha mbele, kando ya cherehani. Akazikwa siku hiyohiyo pamoja na majirani sita, na mtafiti hakumwambia mtu yeyote alichomjibu dada kwenye simu.

Siku ya tano ofisi ilimtaka afunge mashine ya kunasa mitetemo midogo inayofuata. Ilihitaji kukaa juu ya msingi imara, na katika mtaa wote msingi pekee uliobaki mzima ulikuwa wa nyumba ya dada. Shemeji akasafisha kifusi bila kuulizwa, akaleta pima maji yake, akaiweka juu ya mashine na kuinama kuangalia.

"Imelalia kushoto kidogo," akasema.

Mtafiti akageuza skrubu. "Shemeji, mimi ndiye niliyemwambia aingie."

"Najua. Aliweka spika."

Shemeji akaokota kipande cha mbao, akakifuta vumbi, akakirudisha chini.

"Ulisema *kwa kawaida*. Yeye hakulishika hilo neno, alishika *ingieni*. Mimi nililisikia vizuri. Nikataka kumwambia, huyu hajaahidi kitu. Lakini mgongo ulikuwa unaniua kwa kulala chini, nikakaa kimya. Nikawa wa kwanza kubeba godoro."

"Shemeji..."

"Usinipoze, na mimi sitakupoza. Shika hapa nikaze."

Wakamaliza kazi.

Shemeji hakujenga tena. Alihamia kwa binti yake, mji mwingine. Mtafiti aliandika ripoti juu ya mitetemo ile midogo, kurasa sitini, na wataalamu wakaisifu kwa usahihi wake. Hakwenda kuisoma mkutanoni, alimtuma msaidizi wake. Kila mwezi aliendelea kwenda bondeni kubadilisha betri. Akifika alikaa ukingoni mwa msingi, akala mkate wake taratibu, ndipo akafungua kifuniko cha mashine. Miezi mingine hakukuwa na chochote cha kusoma, lakini hakuondoka mapema.