Vigelegele vya Blanketi

Watu wa hapa Muthara wanasema ninaringa. Wanasema hivyo kwa sababu nikiwa kwenye cherehani yangu na pikipiki ikapiga honi, ninashika shingo na kukunja uso. Na waseme. Shingo ni yangu, si yao.

Zamani nilikuwa mtu wa kelele kama wengine. Kibanda changu kilipakana na cha fundi wa pancha, na siku moja alikuwa anajaza upepo tairi la lori huku anapiga soga. Likapasuka. Sikupata hata mchubuko. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Jioni yake mtu akaangusha sufuria nyumbani, na kitu kikavuta ndani ya sikio langu la kushoto, kikapapatika, kikashuka kwenye taya, kikaikamata shingo mpaka kisogoni. Hakijaniacha tangu siku hiyo. Sahani zikigongana, mtoto akipiga mbinja, mlango wa bati ukibamizwa, shingo inakaza yenyewe bila kuniomba ruhusa, na maumivu yake ninalala nayo.

Daktari wa kwanza alinivisha vitu vya kusikilizia, akatazama mashine yake, akaniambia masikio yangu yanasikia kushinda yake. Akanishauri nipunguze mawazo. Mawazo gani? Wa pili, msichana mdogo tu kule Meru mjini, ndiye aliyenieleza kwamba ndani ya sikio kuna msuli mdogo unaojikaza sauti ikiwa kubwa, na kwamba wangu ulishtuka na sasa unajikaza hata kwa sauti ya kijiko, kisha unaivuta taya na shingo pamoja nao. Nililia pale kwenye kiti chake. Mtu aliniamini, jamani.

Nyumbani hawakuniamini. Mume wangu Kinoti alinyamaza, kama anavyonyamazia kila kitu. Dada yake Marcella, kiongozi wa akina mama kanisani, ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo mzima: ni pepo. Aliniletea kikundi cha maombi, wakanizunguka sebuleni wakinikemea kwa sauti ya kuvunja vikombe. Nilipojikunja chini wakapiga makofi, wakasema anatoka, anatoka! Kilichotoka ni machozi. Sijamsamehe Marcella na sina haraka.

Basi binti yangu Karwirwa akapata mchumba. Karwirwa anakaa mtaa wa Dallas, Embu mjini, anauza kwenye duka la dawa. Kijana anaitwa Kivuti, mtu wa Kianjokoma, mpole, nami nilimpenda. Shida yangu ilikuwa blanketi. Siku ya kuleta mahari, wanawake wa upande wa kijana humvisha mama wa msichana blanketi, na hawamvishi kimya. Wanamzunguka, wanampigia vigelegele karibu na uso, na kadiri vinavyokuwa vikali ndivyo heshima inavyokuwa kubwa. Wageni wetu walijulikana kwa vigelegele.

Nilimpigia Karwirwa simu mapema. Nilimwomba kitu kimoja tu maishani: awaambie wakwe wapige vigelegele vyao kule langoni, kisha wanivishe blanketi polepole.

"Mum, hiyo usijali," akasema. "Nitaongea na wao. Hakuna mtu atakupigia kelele."

Nilimwamini. Ni mtoto niliyemzaa, anauza dawa, anajua maana ya ugonjwa. Nilishona gauni langu kwa furaha, mlango wa kibanda nimeufunga.

Wageni walifika na mbuzi wao na asali yao. Wakaimba langoni, nami nilikuwa ndani nimejifunga kitambaa masikioni. Mambo yakaenda vizuri. Nilipoitwa uani nilikivua, maana mama wa bibi harusi hatoki mbele ya wakwe amejifunga kichwa kama mtu anayeumwa jino. Nikasimama. Wanawake wakanijia na blanketi jekundu, zuri kweli, nikaanza hata kutabasamu.

Wakapasua vigelegele. Wote pamoja, midomo karibu na mashavu yangu. Shingo ikanivuta upande mmoja, mikono ikaruka yenyewe masikioni, na blanketi likaanguka mavumbini.

Mzee Njue, msemaji wa wageni, akasimama polepole.

"Sisi hatujakuja hapa kugombana," akasema kwa Kiswahili ili wote tumsikie. "Lakini kwetu mama akiangusha blanketi na kuziba masikio, hiyo ni kusema msichana haendi. Kama tumekataliwa, tuambiwe tu tuende nyumbani."

Nikamtafuta Karwirwa kwa macho. Sasa ndiyo saa ya kusema, mwanangu, waambie ulichowaambia. Akaja mbio, akapiga magoti akijifanya anaokota blanketi, akaninong'oneza kwa Kimeru.

"Mama, sikuwaambia."

"Hukuwaambia?"

"Ningesema nini? Kwamba mama yangu ana ugonjwa wa kichwa? Wangeuliza kama ni wa ukoo. Wangeuliza kama watoto wangu watakuwa nao. Vumilia mara moja tu, tafadhali."

Hasira iliyonipanda sijui kama nitawahi kuisimulia sawasawa. Si tairi, si Marcella, si yule daktari na mashine yake. Huyu. Alinionea haya. Alijua vizuri nitakachopata, akapima aibu yake na shingo yangu, akachagua. Na mimi nilikuwa na neno moja mdomoni ambalo lingewarudisha wageni Kianjokoma na mbuzi wao. Nikamtazama machoni mpaka akayainamisha.

"Sijakataa," nikamwambia Mzee Njue. "Nilishtuka. Nivisheni."

"Basi turudie," akasema kwa furaha. "Na vigelegele turudie vyote, hivi vya kwanza vimeharibika."

Nikaibana mikono yangu mapajani. Wakanizunguka tena, na safari hii walitaka kufuta ubaya, wakapiga kama wanaoita mvua. Marcella naye akajiunga, mdomo wake kwenye sikio lenyewe la kushoto. Kila kitu kikakaza, kutoka kwenye paji la uso hadi begani, nami nikasimama wima ndani ya blanketi kama nguzo. Sikulia. Nilikataa kulia mbele yao.

Walipomaliza, Marcella akainua mikono juu. "Mmeona? Amesimama! Mungu amemponya mbele yetu!" Watu wakaitikia amina, na Mzee Njue akaitikia bila kujua anaitikia nini. Jumapili hiyo ushuhuda ungetolewa kanisani, nilijua.

Karwirwa akanikumbatia, mashavu yamelowa, amejaa furaha.

"Umeona, Mum?" akasema. "Kumbe ukitaka unaweza."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu ya mwaka mzima. Taya zilikuwa zimeumana, meno yote nje, hazikufunguka hata nafasi ya ulimi, na mwanangu akadhani ninatabasamu.