Mlima Uliopigwa Pasi

Lucien Thibault alikuwa ameshamdanganya mkewe Noreen vitu vidogo vidogo, lakini mlima mzima alikuwa hajawahi kumficha. Jumamosi ile, kwenye meza ya jikoni kwao Vermont, akaujaribu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kiangazi kilichopita walisafiri kwa baiskeli, wakilala kwenye hema, na katikati ya safari Noreen akaitupa baiskeli yake mtaroni, akadandia lori la majani ya ng'ombe, akarudi nyumbani bila hata kwaheri. Mwaka huu alisema neno moja tu: "Nionyeshe njia kwanza. Nisipoipenda, nenda na mbwa." Na Lucien, jamani, hakutaka kwenda na mbwa. Mwaka jana alipoachwa peke yake alipika maharage, akajikuta anayasimulia yale maharage habari za siku.

Sasa Vermont utapata wapi njia isiyo na mlima? Hata kufuata barua kwenye sanduku ni kupanda. Basi akafungua kompyuta, akatoa mchoro wa miinuko, unaoonyesha njia inavyopanda na kushuka, ule ambao waendesha baiskeli wanauamini kuliko Injili. Akauvuta kwa upana, akaubana kwa urefu, akaubana tena, mpaka Lincoln Gap, mlima unaounguza klachi za magari, ukalala kama shuka lililopigwa pasi. Akauchapisha, akajipongeza kwa kikombe cha kahawa.

Noreen alivaa miwani, akautazama mchoro kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo Lincoln Gap?"

"Ndiyo hiyo."

"Tambarare hivi?"

"Wameirekebisha," alisema Lucien. Hata mbwa alimtazama.

"Ah, basi heri! Kumbe mwaka huu tunaweza kubeba vitu."

Hapo Lucien akashtuka. Alikuwa mtu wa kupima gramu. Mswaki wake alishaukata mpini, na chupi zake alishazinyofoa vile vitambaa vya saizi, eti vinaongeza uzito. Mtu huyo sasa akamwona mkewe akija na kikaango cha chuma cha bibi yake, anakifunga kwenye baiskeli, tena si yake Noreen.

"Cha nini hicho, mke wangu?"

"Chapati za maji za asubuhi. Kwani njia si tambarare?"

"Ni tambarare."

Ikaja galoni ya sharubati ya mti wa mepo, nzito kama asali, ya kumwagia chapati. Vikaja viti viwili vya kukunja, mto wa manyoya na redio. Kila Lucien alipofungua kinywa aliulizwa kama njia si tambarare, na kila alipojibu sauti yake ilizidi kunywea.

"Haya, tukaijaribu mizigo," alisema Noreen. Lucien akapendekeza barabara ya ziwani. Noreen akachagua ya kanisani, na kanisa lao wazee walilijenga juu kabisa, karibu na Mungu.

Njia ya mwongo ni fupi. Hawajafika hata nusu, Lucien alikuwa amemaliza gia zote na uso umemwiva kama kiazi chekundu. Noreen alikuwa ubavuni pake, mifuko mitupu, anakanyaga taratibu kama anakwenda kununua maandazi.

"Mume wangu, mbona unahema?"

"Sihemi."

"Unahema, tena kwenye tambarare!"

"Ni… vumbi."

Baiskeli ikasimama kidogo, ikayumba, ikajilaza kwenye nyasi na mwenyewe akiwa juu yake. Kikaango kikachomoka, kikabingirika kuteremka kwa raha zake.

"Basi, basi! Nimeongopa!" Lucien alisema akiwa amelala vilevile, machozi yakimlengalenga. "Mchoro niliubana. Gap iko palepale, na ubaya wake uleule. Nitakwenda na mbwa."

Noreen akaketi kando yake. "Lucien, mimi nimezaliwa chini ya Gap. Ulidhani nitaamini wameihamisha?"

"Sasa mbona…"

"Milima siiogopi mimi. Mwaka jana, kila mlima, wewe uliniacha nyuma. Unafika juu, unakaa, unatafuna karanga. Mimi nikifika, ulimi nje, wewe unaruka juu: 'Haya, twende!' Umepumzika mlima mzima, mimi sijapumzika hata dakika. Nilichoka kutazama mgongo wako mpaka unapotea."

Lucien alitaka kubisha. Waendesha baiskeli wote wanangojana hivyo, na miaka yote aliuhesabu huo kuwa wema wake.

"Nilikuwa nakungoja," alisema.

"Ulikuwa unapumzika. Leo ndiyo mara ya kwanza tumepanda pamoja."

Ilimchoma, na ilimchoma kwa sababu ilikuwa kweli. Akainuka, akateremka kwa miguu kukitafuta kikaango, akapanda nacho tena, akakifunga kwa mikono yake, kamba akaikaza mara mbili.

"Nyumbani kuna kitu kingine kizito?" aliuliza.

Noreen akafikiri. "Kuna cherehani ya mama."

"Tutaibeba," alisema Lucien.