Ushuhuda wa Paja la Alain

Mume wangu Alain alikuwa na mbio za kutisha na paja bovu. Kila aliyeziona zile mbio alilisahau paja, na Baudouin alikuwa wa kwanza. Huyu ni Mrundi mwenzetu, mwenye ghala la mitumba huku ugenini, mtaa wa viwanda wa Mobeni, na timu ya mpira. Alimwona Alain mara moja tu akamwajiri papo hapo: atalinda geti la ghala, tutakaa bure kwenye chumba cha uani, na Jumapili atacheza winga. Huo ndio mkataba. Mimi, yeye na binti yetu Ineza tulikuwa na pa kulala kwa sababu ya miguu miwili.

Kisha mguu mmoja ukaanza kutusaliti. Msuli wa nyuma ya paja ulichanika, ukapona, ukachanika tena. Msimu ule, vuvuzela za Kombe la Dunia zikiwa zimeshuka bei mpaka aibu pale soko la Warwick, Alain alishinda benchini. Wenzake wakambandika jina, Mgeni Rasmi: anakuja, anakaa, anapigiwa makofi, anaondoka. Nilicheka nao mbele yao, nikaenda kulia jikoni. Kisha mke wa kipa akaninong'oneza kwamba Baudouin anazungumza na winga mwingine.

Kanisani kwetu, kabla ya mahubiri, aliyetendewa na Mungu husimama akashuhudia, na akishasema haulizwi cheti cha daktari. Asubuhi ya mechi na Wakongo, Alain akasimama. Nilimvuta koti, hakukaa.

"Bwana asifiwe! Mungu amenigusa. Mguu iko sawa kabisa!"

Vigelegele vikapaa. Baudouin, ambaye ni mzee wa kanisa, alimkumbatia huku akitokwa na machozi ya kweli. Mimi nilijua kilichokuwa chini ya ile suruali: kipande cha kitenge changu, nilichomfunga mwenyewe alfajiri kwa sababu hakuweza kuinama. Nikainamia kiatu cha Ineza, nikafunga kamba ambayo haikuwa imefunguka.

Mchana, mechi haijachangamka, akapewa mpira pembeni. Akawaacha mabeki wawili wanatafutana. Uwanja mzima ukasimama, na hata mimi nililisahau paja. Halafu akaanguka, hakuna aliyemgusa. Kaptura ikapanda, kitenge kikaonekana.

Baudouin aliingia uwanjani akakitazama kile kitambaa.

"Papa Ineza, franchement, nasema kweli, ungeniambia tu bado inauma. Mguu ningengoja, hata mwaka. Lakini mtu wa kudanganya mbele ya Mungu, geti yangu nitamwachia namna gani?"

"Patron, niliogopa."

"Eish. Uliogopa mimi kuliko Mungu."

Sijui kama kweli angengoja. Matajiri huwa na subira nyingi wakishamfukuza mtu. Wanawake pembeni yangu wakasema njia ya mwongo fupi. Fupi kweli: kutoka kanisani hadi uwanjani ni taa mbili tu za barabarani.

Tumepewa mpaka Ijumaa tuhame. Alain amelala, mguu juu ya ndoo, ananiuliza kama akisimama Jumapili akatubu watamsamehe. Nimemwambia watamsamehe, tena wataimba. Kuhusu chumba hakuuliza, nami sikukitaja.

Nje Ineza anakimbia uani, mbio zilezile za baba yake. Nimemfokea akae chini.