Ndama wa Afande Oloya

Mtaa mzima, pale nyuma ya soko la Kasese, ulijua kwamba Oloya na paka wa nyumbani kwake hawapikiki katika chungu kimoja. Yeye mwenyewe alihakikisha wanajua. Kila jioni, akikaa barazani na majirani, alimwita paka huyo majina ambayo Mkristo hapaswi kuyataja kabla ya chakula: mwizi, mlafi, shetani mwenye mkia. Oloya alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha saruji, na watu walimwita afande ingawa bunduki hakuwahi kuishika. Sauti ilitosha.

Sasa ukweli wenyewe. Akirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, na mkewe Akidi akishaenda sokoni kuuza simsim, yaani ufuta, afande alifunga mlango, akavua shati na kujilaza kwenye kochi. Yule shetani mwenye mkia alipanda kifuani pake na kukoroma. Paka aliitwa Simiti kwa sababu ya rangi yake ya kijivu. Oloya alimkuna nyuma ya masikio na kumsimulia mambo ya kazini kwa Kiacholi, na Simiti alimsikiliza kuliko kijana yeyote wa kiwandani. Alimpenda paka yule. Alimpenda mno, na alikuwa radhi kufa kuliko kukiri.

Lakini ngozi haina adabu, husema hata isipoulizwa. Lilianza doa la mviringo kwenye sikio la Simiti, halina manyoya, limejaa magamba meupe kama unga wa muhogo. Likafuata la pili, shingoni. Majirani, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kutibu kuku, waligeuka madaktari bingwa. Blasio, fundi wa pikipiki, alisema apakwe oili chafu ya injini. Kyarikunda wa nyumba ya pili alisema asuguliwe chumvi ya Katwe, ile ya mawe wanayolamba ng'ombe. Oloya alinguruma kwamba asuguliwe chochote ili mradi afe haraka, kwa kuwa ndivyo alivyotarajiwa kunguruma.

Kesho yake, akioga, aliona duara jekundu kifuani mwake, upande wa kushoto, mahali hasa Simiti alipozoea kulaza kichwa. Lilimwasha kama upupu. Tangu siku hiyo alifunga vifungo vya shati mpaka kooni, katika joto la Kasese ambalo hata mbuzi hulilalamikia. Kyarikunda alipomwona hivyo aliamini kwamba afande hatimaye ameokoka, akamsifu Mungu kwa sauti.

Ndipo Oloya akaenda kwa Nuwasiima, daktari wa mifugo mwenye duka la dawa karibu na stendi. Mbele yake walipanga foleni wafugaji kutoka Bugoye wenye shida za watu wazima: ng'ombe amekataa kutoa maziwa, fahali anachechemea. Zamu yake ilipofika, aliwatazama wafugaji wale, neno paka akaliacha.

"Ndama," alisema.

"Ndama iko na nini, mzee?"

"Manyoya inatoka. Duara, duara. Kwa sikio na kwa shingo."

"Inakula vizuri?"

"Sana. Ukiipatia dagaa ya mukene..." Akakohoa. "Nyasi. Inakula nyasi."

Nuwasiima alimtazama juu ya miwani. "Inaweza kuwa choa, inaweza kuwa kupe. Lete niione."

"Iko mbali."

Nyuma yake wafugaji walianza kuguna. Nuwasiima alimuuzia kichupa cha dawa ya kuogesha ng'ombe, akamweleza namna ya kuichanganya na maji, na kusisitiza kwamba ndama asipopata nafuu aletwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu wetu hakuficha maradhi tu, alimficha hata mgonjwa.

Nyumbani alifungua kichupa, akakinusa, machozi yakamtoka. Akakiweka juu ya kabati mpaka siku atakayopata moyo wa kumwogesha Simiti.

Jioni ile Blasio alimchokoza barazani. "Afande, hiyo paka bado iko? Ama siku hizi amri inatoka kwa jikoni?"

Watu walicheka, na Oloya alikuwa mtu wa kuogopa kicheko kuliko tanuri la saruji. "Kesho hamutaiona!" alifoka. "Akidi! Umaru akipita na lori, mupatie hiyo paka apelekee Hamidah wa duka kule Bwera. Panya inamaliza mahindi yake."

Akidi alichungulia mlangoni. "Sawa, Baba Rodney."

Oloya alitumaini mkewe atasahau. Akidi hakuwahi kusahau kitu tangu amuoe, lakini mtu aliyejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe hutumaini lolote.

Aliporudi asubuhi kochi lilikuwa tupu. Akidi alikuwa mlangoni na beseni lake la simsim.

"Umaru amechukua alfajiri," alisema. "Na ile dawa ya juu ya kabati nimeweka kwa boksi, Hamidah aiogeshe."

"Dawa gani?"

"Sisi hatuna ng'ombe, Baba Rodney. Nilijua iko ya nani."

Akaenda zake. Oloya alijilaza, akageuka huku, akageuka kule. Moyo ulimuuma kweli, tena ulimuuma vibaya kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Alitoka kutafuta chai, na alipopita karibu na stendi Nuwasiima alimwita kwa sauti.

"Mzee wa ndama! Nilisahau kukuambia. Kama nyumbani iko na paka, fungia mbali. Paka inajilamba. Ikilamba hiyo dawa, inakufa."

Oloya alipiga simu papo hapo. Umaru alijibu kwa furaha kwamba mzigo umefika, yeye ameshavuka mpaka, yuko dwane, yaani forodhani, upande wa Congo. Hamidah simu yake imeharibika. "Lakini usijali, mzee. Amesema akitoka kuswali adhuhuri anaiosha vizuri kabisa."

Dereva wa bodaboda aitwaye Wahabu alipoambiwa Bwera, kule mpakani, alidhani anataniwa. Oloya alikuwa bado amevaa ovaroli ya kazini, vumbi la saruji kwenye nyusi. Njia nzima, mbugani na vijijini, alimhimiza Wahabu kama mtu anayewahi mke leba. Tembo mmoja aliyesimama kando ya barabara alitukanwa kwa Kiacholi bila kosa lolote.

Sokoni Bwera, Hamidah alikuwa mbele ya duka lake la mahindi, mikono ameivika mifuko ya plastiki, mbele yake beseni la maji meupe yenye harufu kali. Kutoka ndani ya boksi Simiti alikuwa akilia kilio cha kufiwa.

"Wacha! Weka chini!" Oloya alinguruma, na nusu ya soko iliweka chini ilichokuwa imeshika.

"Afande?" Hamidah alishangaa. "Weye unatafuta nini huku?"

"Hiyo dawa iko ya ng'ombe. Inaua paka."

"Subhanallah! Sasa ni mutu gani alinunulia paka dawa ya ng'ombe?"

"Mimi. Nilisema iko ndama."

"Na kwa nini ulisema iko ndama?"

Wapakiaji wa magunia walisogea karibu. "Niliona haya," alisema Oloya.

Hamidah alimwaga beseni mtaroni, akavua mifuko. "Aya, asante. Nitaitafutia dawa ingine. Weye rudi Kasese, paka sasa iko yangu. Umaru alisema hata kuiona hutaki."

Oloya angeweza kuondoka pale na heshima yake yote, bila paka. Badala yake alifungua zipu ya ovaroli mpaka kitovuni, soko likaliona lile duara.

"Inalala hapa," alisema. "Kila siku. Iko yangu, na ninaipenda."

"Yesu!" alipaza sauti mama mmoja Mkongomani, muuza vitenge. "Mutu mukubwa hivi, eko na choa ya paka!"

Soko lililipuka. Hamidah alicheka mpaka akakalia gunia. Akajifuta machozi kwa ncha ya hijabu, akamkabidhi boksi. "Chukua mutoto yako, afande. Panya nitazisomea dua."

Nuwasiima alipofunguliwa boksi hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ndama yako imeota ndevu," alisema tu. Aling'oa nywele chache ukingoni mwa doa, akazichunguza, akathibitisha: choa, ukungu wa ngozi unaomtoka paka ukamwingia binadamu. Hakuna oili chafu, hakuna chumvi, hakuna dawa ya kupe. Dawa ya paka alimpa papo hapo, na ya mtu akamtuma kuinunua famasi ya jirani. Blanketi zifuliwe kwa maji ya moto, manyoya yafagiliwe, paka akae chumba chake mpaka daktari aseme amepona. "Na ukiibeba," aliongeza, "vaa shati."

Umaru naye simu anayo, na aliporudi kupitia Bwera soko zima lilimsimulia. Oloya alipoingia mtaani habari zilikuwa zimemtangulia, na Blasio alimpokea kwa kulia kama ndama, vizuri sana, mpaka watoto wakamwomba arudie.

Ndani, Akidi alimkalisha kwenye kochi, akamfungua ovaroli, akaanza kumpaka dawa. Alikuwa akisugua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Tulipogombana nilikimbilia kwetu Gulu," alisema bila kuinua macho, "mwaka ule Rodney iko mutoto mudogo. Nilikaa huko mpaka simsim ikavunwa. Kila jioni nilikuwa naangalia barabara kama unakuja. Hukupanda hata bodaboda."

Sauti iliyotawala tanuri ilitoka ndogo.

"Nilitaka kuja," alisema Oloya. "Niliogopa watu watanicheka."

"Leo si wamekucheka?" Akidi akafunga kopo la dawa. "Umekufa?"